ZANA ITUTUMIKIE, TUSIITUMIKIE

SIKU hizi hakuna kikundi cha waandishi wa programu za kompyuta, hata kiwe kidogo namna gani, kisichokabiliwa na swali hili: ichaguliwe zana ipi ya akili mnemba isaidie kuandika msimbo? GitHub Copilot ilitolewa kwa majaribio mwaka 2021. Zikafuata nyingine, ikiwamo Cursor, na kila moja ina wapiga zumari wake. Sisi hatuna ugomvi na zana hizo. Mkulima hakatazwi trekta kwa kuwa babu yake alilima kwa jembe. Tunalolipinga ni kuchagua kwa kufuata sifa za muuzaji.

Tuchukue mfano wa vijana watano wanaotengeneza programu ya hesabu za chama cha ushirika. Wamekabidhiwa majina ya wakulima, nambari zao za simu na madeni yao. Hiyo ni amana, na kila uamuzi wao hauna budi kuanzia hapo.

Kwanza, aghalabu zana hizi hupeleka maandishi ya mradi kwenye mitambo iliyo ng'ambo ndipo jibu lirudi. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Kwa hiyo taarifa halisi za wakulima zisitumiwe katika majaribio, na mkataba usomwe mpaka mwisho: kampuni huhifadhi nini, na kwa muda gani?

Pili ni gharama. Mwaka 2023 Copilot ya makampuni ilitozwa dola 19 kwa mtu kwa mwezi. Kwa vijana watano hizo ni dola 1,140 kwa mwaka, tena fedha za kigeni. Wala bei haina ahadi: mwezi Juni 2025 wenye Cursor walibadili utaratibu wa malipo, na Julai wakawaomba radhi wateja wao.

Tatu, Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Kikundi kisichoweza kuandika bila mtambo wa mbali kingekunja mikono siku hiyo. Iko mitambo ya lugha iliyotolewa wazi, kama Qwen2.5-Coder, ambayo matoleo yake madogo huweza kuwekwa katika kompyuta ya mtu mwenyewe. Hata ikiwa dhaifu, ni akiba ya siku ya dhiki.

Nne ni kipimo. Mwezi Julai 2025 taasisi ya METR ya Marekani ilitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya waandishi wa programu 16 wazoefu. Wao walidhani zana ziliwaongezea kasi kwa asilimia 20. Saa ilionyesha kuwa walichelewa kwa asilimia 19. Hatusemi itakuwa hivyo kwa kila mtu. Tunasema kikundi kijaribu mwezi mmoja kwa kazi yake chenyewe, kikihesabu saa na makosa, ndipo kiamue.

Lakini kubwa kuliko yote ni kijana anayejifunza. Chuoni tulianza na alifu kwa kijiti kabla ya kukabidhiwa juzuu, na hapana aliyeruhusiwa kuruka. Kijana asiyeweza kueleza mstari alioandikiwa na mtambo asiupitishe, na mkubwa wake asiutie saini. Mkulima akiandikiwa deni lisilo lake hatakwenda kuushtaki mtambo; atakuja kwa watu, na watu hao hawana budi kuwa na jibu.

Ushauri wetu ni huu: ichaguliwe zana ambayo kikundi kinaweza kuiacha kesho, na kazi ikaendelea. Zana ambayo haiachiki si msaada tena, bali ni mnyororo, hata ikitolewa bure.