Mlio wa Shingo Si Dawa

SAFU YA JUMAPILI
Na Zuhura Mbwana

Katika saluni nyingi za kiume, Dar es Salaam hata Nairobi, kazi haiishii kwenye mashine ya kunyolea. Mteja akishapanguswa nywele hukandwa kichwa, akachuliwa mabega, kisha kinyozi humshika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono wa pili, akamzungusha ghafla. Shingo ikilia “ko!”, wote wawili huridhika. Mteja anaamini kuna kitu kimerudi mahali pake, na kinyozi anaamini ndiye aliyekirudisha.

Imani hiyo si ya vinyozi peke yao. Mwaka 1895, huko Davenport, Iowa, nchini Marekani, D.D. Palmer alidai kumrudishia usikivu mhudumu wa usafi wa jengo, Harvey Lillard, kwa kusukuma pingili moja ya mgongo wake. Hapo ndipo ilipozaliwa kiropraktiki. Madaktari hawakutaka kuisikia. Mwaka 1963 chama chao kikubwa kiliunda kamati ya kupambana na matapeli wa tiba, na walioandamwa zaidi ni hao wanyoosha migongo. Nao wakaenda mahakamani mwaka 1976. Jaji Susan Getzendanner aliamua mwaka 1987 kwamba chama hicho kilivunja sheria ya ushindani kwa kuwasusa. Miaka yote hiyo mwenye kiuno chake aliendelea kuugulia, huku mafahali wakipigana juu yake.

Kabla kesi haijafunguliwa, mnamo Februari 1975, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia maradhi ya neva iliwaita mezani Bethesda madaktari, wanasayansi wa maabara, watu wa ostiopathia, tiba nyingine ya mikono, na wa kiropraktiki. Jibu walilotoka nalo lilikuwa la unyonge: ushahidi uliopo hautoshi kusema tiba hii inafaa wala haifai. Hata hivyo lilikuwa jibu la kwanza la maana, kwa sababu hakuna upande uliolitoa peke yake.

Tangu hapo mambo ya kufurahisha yamegunduliwa, mengine ya kuwashusha mabega wenye kazi yao. Mwaka 2015, katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kikundi cha Greg Kawchuk kiliamua kuuchungulia ule mlio wenyewe. Mtaalamu wa kiropraktiki, Jerome Fryer, ambaye vidole vyake vyote kumi hulia, aliingiza mkono kwenye mashine ya MRI. Kila kidole kilivishwa mrija uliofungwa kamba, kamba ikavutwa polepole mpaka kiungo kikaachia. Picha zilionyesha kwamba kiungo kinapolia, ndani ya ute wake hufunguka uwazi wa gesi, jambo linalokwisha katika muda usiofika theluthi moja ya sekunde. Hakuna mfupa uliokuwa umeteguka, wala uliorudi. Miaka mitatu baadaye watafiti wengine walitumia hesabu kueleza kwamba sauti yaweza kutokana na kiputo kinachobonyea kwa sehemu, kwa hiyo ubishi wa kisayansi bado upo. Lakini pande zote mbili zinazungumzia gesi.

Utafiti mwingine wa Kanada, wa mwaka 2004, uliwaweka watu vipima-mtikisiko mgongoni ili kujua mlio unatokea wapi hasa. Sehemu ya kiunoni, mlio ulikuwa mbali na pingili iliyolengwa kwa wastani wa sentimita 5 na ushei. Hiyo ni zaidi ya kimo cha pingili moja! Na waliosukuma migongo hiyo walikuwa watu waliosomea kazi, si kinyozi aliyejifunza kwa kumtazama mwenzake.

Je, mikono haifai kitu? Hapana, inafaa, ila kwa kiasi. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2004, maarufu kwa jina la UK BEAM, ndilo linalonivutia kuliko yote. Kabla ya kumgusa mgonjwa hata mmoja, wataalamu wa kiropraktiki, ostiopathia na fiziotherapia walikaa wakakubaliana orodha moja ya mbinu ambazo wote watatumia. Ndipo wakashughulikiwa wagonjwa 1,334 wa mgongo. Katika kipimo cha ulemavu chenye alama 24, waliosukumwa migongo waliwazidi wenzao waliopata huduma ya kawaida ya daktari kwa alama 1.6 baada ya miezi 3. Mwaka ulipotimia, tofauti ilikuwa alama 1. Waliotibiwa kwa mikono kisha wakafanyishwa mazoezi walikuwa mbele kidogo zaidi.

Alama hizo hazitoshi kuandika bango la barabarani. Pia ni vigumu kuzihakiki, maana kidonge bandia kinatengenezeka, lakini anayekanda hawezi kufichwa kwamba anakanda. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, kuhusu maumivu sugu ya kiuno, unaruhusu kukanda na kusukuma pingili, huku ukikiri kwamba ushahidi wake ni dhaifu. Mikanda ya kiunoni, kuvutwa mgongo kwa mashine na dawa za jamii ya afyuni, hivyo umevikataa. Wauzaji wa mikanda hiyo mitaani kwetu nadhani hawajausoma.

Kwetu waendesha bodaboda, wachukuzi wa sokoni na kina mama wa shamba wanajaza foleni za fiziotherapia, na wengine wanaishia kwa mkandaji mwenye mafuta yake ya nazi. Hospitali zetu za kufundishia zingeweza kuwaita mezani daktari wa mifupa, mtaalamu wa fiziotherapia na mkandaji huyo, wakubaliane mbinu zipi zipimwe, kama walivyofanya Waingereza. Mkandaji asiitwe kuja kukaripiwa.

Shingo, hata hivyo, ina hatari yake. Mshipa wa damu uendao kwenye ubongo ukichanika huleta kiharusi. Utafiti wa Ontario wa mwaka 2008 ulikuta kwamba vijana waliopata kiharusi cha namna hiyo walikuwa wamemwona mtu wa kiropraktiki, lakini daktari wa kawaida pia, kwa uwezekano usiopishana sana. Yamkini mshipa ulikuwa umekwisha kuchanika, na maumivu ndiyo yaliyowapeleka kutafuta msaada. Basi shingo iliyoanza kuuma ghafla pamoja na kichwa, kizunguzungu au ulimi kuwa mzito ipelekwe hospitali, isipitie saluni kwanza.

Shingo iliyokakamaa tu ina njia rahisi zaidi. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2012, wagonjwa 272 waligawanywa: wengine wakasukumwa shingo, wengine wakapewa dawa, wengine wakafundishwa mazoezi ya nyumbani katika vikao viwili vya saa moja moja. Waliofundishwa mazoezi walikaribiana sana na waliosukumwa shingo, na waliopewa dawa waliachwa nyuma. Mazoezi yenyewe yalikuwa ya kugeuza shingo na mabega taratibu, kila moja mara 5 hadi 10, yakarudiwa mara 6 hadi 8 kwa siku.