Majina Yao Yasomwe Vijijini Kwetu

Ndugu zangu wa Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Chemba, Kondoa na jijini Dodoma.

Kila ifikapo tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake. Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, viongozi wa dini huomba dua. Heshima hiyo inawastahili. Lakini ni heshima ya wote kwa mkupuo, na mama aliyefiwa alifiwa na mtu mmoja mwenye jina lake, mtoto wa fulani, wa kitongoji fulani. Ninawaomba mwaka huu tuyaandike majina hayo, kijiji kwa kijiji, na Siku ya Mashujaa yasomwe kwa sauti mbele ya ofisi ya kijiji.

Muda hautusubiri. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kijana aliyekwenda vitani akiwa na miaka 20 leo anakaribia 70. Wazazi wa waliokufa karibu wote wameshatangulia. Wanaojua habari zao sasa ni wajane, wadogo zao, na wenzao wa kombania waliorudi.

Baba yangu mdogo alikwenda na mgambo, hakurudi. Bibi alitunza picha yake moja, ile ndogo ya kitambulisho, ndani ya Biblia yake ya Cigogo. Pini iliyoishikilia iliota kutu ikaacha alama begani, na nyuma pameandikwa kwa penseli jina lake na la babu, basi. Bibi alipofariki tulibaki na picha. Alikoangukia hakuna aliyekujua. Aliyetueleza ni mzee wa kijiji cha jirani waliyekuwa naye njia ya Masaka. Alitutajia siku ilivyokuwa, mvua ilivyonyesha, hadi nani alimbeba. Yote hayo alikuwa nayo kichwani miaka yote, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Wazee wa namna hiyo tunao katika kila kata.

Makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, yana mashujaa zaidi ya 600 wa vita hivyo. Toka Mvumi au Kibakwe hadi Muleba ni safari ya kulala njiani, na mjane anayeishi kwa shamba la uwele hawezi kumudu nauli hiyo. Kama yeye hawezi kwenda kwenye kaburi, jina liletwe alipo.

Sisi wa nyanda hizi tunajua hasara ya kutoandika. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya upande wa Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yaliingia Kondoa Aprili 1916, na mwishoni mwa Julai yakaichukua Dodoma. Wajerumani kwanza, Waingereza baadaye, walichukua ng'ombe na nafaka, wakachukua na wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Mvua zilipokosekana ikaja njaa ya Mtunya, inayokadiriwa kuua watu 30,000 kati ya 150,000 wa Ugogo. Wapagazi walikufa kwa homa, kuhara na njaa, wakaachwa kando ya njia. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi mno wa vita ile hawakuwahi kukumbukwa kwa majina. Imekiri baada ya miaka mia moja, na sasa hata ikitaka kuandika, itamuuliza nani? Ukoo ambao bado unalitaja jina la babu aliyechukuliwa upagazi, uliandikishe nalo.

Tusibague. Aliyekufa kwa malaria kambini, dereva aliyepinduka na lori la risasi, mpishi, muuguzi, wote waingie. Waingie pia vijana wa juzi, kama waliouawa Semuliki, Kongo, Desemba 2017, wakilinda amani ya watu wengine.

Kazi hii haihitaji bajeti wala waraka kutoka juu. Mtendaji wa kijiji afungue daftari: jina, wazazi, kitongoji, mwaka aliokwenda, alikofia kama panajulikana, na nani ametoa habari. Walimu wa historia wa sekondari za kata, wapeni wanafunzi wenu kazi hiyo likizo ya Juni, wakae na wazee. Mapadri, wachungaji na masheikh, litangazeni jambo hili kanisani na msikitini. Nanyi wazee wetu mliorudi, msingoje kuitwa. Njooni mseme mnayoyakumbuka, hata kama ni jina moja tu. Nakala moja ibaki kijijini, nyingine ipelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Tarehe 25 Julai, saa mbili asubuhi, tukutane ofisi ya kijiji, na kila jina lisomwe na mtu wa ukoo wake.