Mercedes Chini ya Mabati

Mwenye Mercedes inayovuja oili huona haya kuipeleka kwa fundi wa jua kali Kibera au Kawangware. Naona ametumia kipimo kisicho sawa. Oili huteremka, tena husukumwa na upepo wa mwendo; inapodondokea huenda sipo ilipoanzia. Je, fundi ameosha injini, akaiwasha na kutafuta chimbuko, ama amekimbilia kubadilisha gasketi? Yule wa kwanza mpe kazi, hata kama karakana yake ni mabati matupu. (Hitilafu za kompyuta ya gari ni shauri jingine.) Mwaka 1992 Serikali ilitoa waraka wa kuistawisha jua kali. Nasi walimu bado twawatisha wanafunzi wazembe kwamba wataishia huko!