Duka Dogo la Wenye Mbwa na Paka

Katika nyumba nyingi za askari wa Uganda mbwa si pambo. Baba akiwa zamu ya usiku, au akiwa amepelekwa Karamoja kwa miezi mingi, mbwa ndiye asikiaye hatua za mgeni kabla mama hajaamka. Paka naye hulinda gunia la unga na la maharage lisiliwe na panya. Wanyama hawa hula, huugua na huzaa, nao wanahitaji vitu ambavyo havipatikani katika duka la sukari na sabuni. Kwa hiyo juma hili ukurasa wa nyumbani unaingia katika duka la dawa na vyakula vya wanyama, lile dogo la mtu binafsi lililo njiani kwenda sokoni, ili kuona mwenye mnyama hutafuta nini humo, na kama hutoka amekipata.

Mjini Kampala maduka ya namna hiyo yamesongamana, hasa mahali ambapo kwa miaka mingi pamejulikana kwa jina la Container Village, karibu na Nakivubo. Huko mnunuzi aweza kwenda toka mlango hata mlango akilinganisha bei. Katika miji midogo hakuna anasa hiyo. Duka ni moja, au mawili. Mbele yamepangwa magunia ya chakula cha kuku, pumba na chumvi ya ng'ombe; ukutani zimetundikwa bomba za kunyunyizia dawa; na mbwa amepewa pembe moja tu, penye minyororo, mishipi ya shingoni na dawa za minyoo. Mwenye duka huitwa "daktari", au "musawo" kwa Kiganda, hata kama hajapata kukanyaga darasa la utabibu wa mifugo. Heshima hiyo ni njema, lakini ina hatari yake: mtu akishaitwa daktari kila siku, huona haya kusema kwamba jambo fulani halijui.

Nalo hilo ndilo shauri kubwa. Mwenye mbwa hafuati wingi wa bidhaa dukani. Anamtafuta mtu atakayemwambia kweli, hata pale ambapo kweli hiyo itamkosesha muuzaji fedha.

Tuchukue mfano wa mke wa sajini anayefika dukani Jumamosi asubuhi, mtoto mgongoni.

"Daktari, habari za asubuhi. Naomba dawa ya kupe ya mbwa. Itakayobaki nitampaka paka, naye ana viroboto."

"Njema, mama. Dawa ya mbwa nitakupa, lakini hii paka usimguse nayo."

"Kwa nini? Si wadudu ni wale wale?"

"Wadudu ni wale wale, mama, ila paka si mbwa. Itamwua."

Muuzaji huyo amepoteza senti chache, lakini amesema neno la kweli. Dawa nyingi za kupe na viroboto vya mbwa zina permethrini. Mwili wa mbwa huivunja dawa hiyo pasipo taabu. Ini la paka haliwezi. Paka aliyepakwa hutetemeka, hushikwa na degedege, na aweza kufa upesi. Vivyo hivyo kidonge cha paracetamol, ambacho mama humpa mtoto mwenye homa kwa nia njema: kidonge kimoja cha mtu mzima chaweza kumwua paka. Mambo haya hayahitaji chuo kikuu. Yanahitaji muuzaji aliyesoma karatasi iliyomo ndani ya boksi, na ambaye haoni uvivu kuyasema kwa mnunuzi wa kumi kama alivyoyasema kwa wa kwanza.

Liko jambo jingine baya zaidi, ambalo wanunuzi wenyewe hulitaka, na hapo lawama ni ya pande zote mbili. Dawa ya kuogeshea ng'ombe huja katika chupa kubwa. Mwenye mbwa mmoja hana haja ya chupa nzima, wala hana fedha zake; basi huomba apimiwe kidogo, na muuzaji humtilia katika chupa tupu ya soda. Chupa hiyo hufika nyumbani bila jina, bila kipimo cha kuchanganyia, bila onyo, na rangi yake pengine ni kama ya maziwa. Katika nyumba ya chumba kimoja au viwili, kama zilivyo nyumba nyingi za kambini, itawekwa wapi mahali asipofika mtoto wa miaka mitatu ambaye anaijua chupa ya soda na utamu wake? Muuzaji mwema huweka chupa ndogo zilizofungwa kiwandani, ijapokuwa faida yake ni haba. Asipokuwa nazo, humwambia mteja amlete mbwa, naye humpimia na kumchanganyia dawa pale pale uani. Mnunuzi naye asinung'unike kwamba amenyimwa.

Juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa hapana nafasi ya mzaha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka, wengi wao wakiwa wa Afrika na Asia, na kwamba katika kila kumi walioumwa na mbwa wanaoshukiwa, wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mtu, hakuna tiba. Mbwa huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa muda ulioandikwa na daktari wa mifugo, aghalabu kila mwaka. Mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Lakini watengenezaji huagiza chanjo hiyo iwekwe katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, wala isigande. Basi mwenye mbwa anayo haki ya kuuliza: friji iko wapi? Umeme ukikatika usiku kucha, daktari hufanya nini? Muuzaji afunguaye friji na kuonyesha kipimajoto ndani yake hastahili kuonewa kwamba amehojiwa. Amepata nafasi ya kujisifu. Yule achomoaye kichupa katika droo ya meza, hata akipunguza bei nusu, ni heri kumwacha na kichupa chake. Mbwa aliyedungwa sindano isiyo na nguvu ni hatari kuliko asiyedungwa kabisa, maana watu wa nyumbani hawamwogopi tena. Kwa kawaida kazi ya kuchanja ni ya daktari wa mifugo wa wilaya au msaidizi wake, na mara nyingi serikali huendesha chanjo karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Louis Pasteur, aliyemchanja mtoto wa kwanza mwaka 1885, alifariki tarehe hiyo mwaka 1895. Muuzaji anayebandika mlangoni tangazo la chanjo ya bure, wakati yeye mwenyewe ana ya kuuza, amejipatia wateja wa miaka kumi.

Na ikiwa mtoto amekwisha kuumwa? Wengine hukimbilia dukani na mbwa, wakitaka adungwe sindano mara moja. Muuzaji ajuaye kazi yake huwageuza njiani. Mtoto ndiye wa kwanza: jeraha lioshwe kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, lisipakwe pilipili wala mafuta ya taa, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo ili aanze chanjo ya watu. Mbwa, kama anajulikana na anaweza kufungwa salama, asiuawe kwa hasira bali afungwe na kuangaliwa siku 10, na daktari wa mifugo apewe habari.

Kuhusu chakula, wengi hudhani kwamba duka lisilo na biskuti za mbwa za Ulaya si duka. Biskuti hizo zina historia yake. James Spratt, mtu wa Ohio huko Marekani, alikwenda London panapo mwaka 1860, na yasimuliwa kwamba aliona mbwa bandarini wakigombea biskuti kavu za mabaharia. Ndipo alipoanza kuwauzia matajiri biskuti za mbwa wao wa kuwindia. Karani wake mmoja, Charles Cruft, ndiye aliyeanzisha mwaka 1891 yale maonyesho ya mbwa ya London yaliyobeba jina lake. Yaani biskuti ilitokana na mfanyabiashara mwenye macho makali; mbwa walikuwa wakiishi vizuri kabla yake.

Mbwa wa kambini hula posho. Posho peke yake haimtoshi, lakini ikipikwa pamoja na dagaa, ambao hapa huitwa mukene, au na mabaki ya machinjioni yaliyochemshwa, humnenepesha bila biskuti hata moja. Anachotaka mwenye mbwa kwa muuzaji ni mukene usio na mchanga, kwa kuwa ule wa wanyama mara nyingi huanikwa juu ya ardhi tupu, na pumba isiyo na ukungu. Ukungu wa mahindi una sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki ya Kenya. Mwishoni mwa 2005 ikaingia katika chakula cha mbwa huko Marekani, kilichotengenezwa kiwandani na kutiwa katika mifuko mizuri, na mbwa zaidi ya mia wakafa. Kwa hiyo mfuko mzuri si dhamana. Mnunuzi na aingize mkono ndani ya gunia, anuse, na aombe kuonyeshwa tarehe iliyoandikwa juu yake, hata kama ananunua kilo mbili tu.

Dawa za minyoo nazo zisinunuliwe kwa jina la "minyoo" tu. Zile za bei ndogo mara nyingi huua minyoo ya mviringo na kuacha tegu. Madaktari waliofanya kazi Turkana, jirani ya Karamoja, katika miaka ya 1970 na 1980 waliwakuta watu wengi wenye mifuko ya maji ndani ya ini, iliyoletwa na mayai ya tegu mdogo wa mbwa. Familia iishiyo na mbwa katika sehemu za wafugaji yapaswa kuomba dawa yenye prazikwanteli, na muuzaji yapaswa ajue ni ipi.

Deni ni jambo la kawaida, kwani mshahara una siku yake. Cha kuangaliwa ni daftari: liwe moja, lisomwe na wote wawili, na muuzaji asimkopeshe mteja dawa iliyobakiza siku chache kuharibika kwa sababu eti mkopaji hachagui. Cheti cha Mamlaka ya Taifa ya Dawa, ambayo iliundwa kwa sheria ya 1993, kiwe ukutani, na mwaka wake uwe huu.

Mwisho, uhamisho. Amri hufika Jumatatu, lori huondoka Alhamisi, na juu ya lori mna vitanda, masufuria, watoto na kuku, mbwa hubaki. Mbwa wengi wanaozurura kando ya kambi walikuwa na jina na sahani yao. Wako wauza dawa ambao katika siku hizo tatu humtafutia mbwa nyumba nyingine, kwa kuwa wanajua ni nani aliyeibiwa mbuzi juma lililopita na anatafuta mlinzi. Kadi ya chanjo huletwa dukani, jina la sajini hukatwa kwa mstari mmoja wa kalamu, na chini yake huandikwa la mwenyeji mpya, pamoja na tarehe ya sindano ijayo.