Mpakani, Geuza Macho na Hesabu

Toka Lubumbashi hadi Kasumbalesa magari hushika upande wa kuume. Ukiisha kuingia Zambia, ni upande wa kushoto. Dereva hukumbuka, mtembezi husahau. Huko Chingola nusura mwanangu agongwe: alitazama kushoto kwanza, kama nyumbani, na gari likamjia toka kuume. Washikeni watoto mkono.

Bei nazo hudanganya macho. Mwaka 2013 Zambia ilifuta sifuri tatu katika fedha yake: kwacha 1,000 zikawa 1. Basi tarakimu ndogo si bei ndogo. Jiulizeni: mshahara wa siku moja hununua unga kiasi gani, huku na kule? Kisha ongezeni nauli na ushuru, ndipo mseme ni rahisi.