Njumu za Mwakani (Watoto na Michezo, Sehemu ya 4)

 

Sehemu ya 3 tuliishia kwenye maji ya kunywa kiwanjani. Leo nina jambo linaloniuma, na kabla sijamnyooshea mtu kidole naanza na kosa langu mwenyewe.

Kijana wangu wa kwanza akiwa darasa la sita alichaguliwa timu ya shule kwa ajili ya UMITASHUMTA. Alikuwa na raba moja tu, imetoboka kidoleni. Siku yangu ya mapumziko nikapanda gari mpaka mjini, nikazunguka mitumba ya Sabasaba karibu nusu siku. Mguu wake ulikuwa namba 37. Nikakutana na njumu nzuri jamani, nyeusi, ngozi, chini zina meno sita ya chuma. Namba 40. Muuzaji akaniambia, "Mama, mtoto anakua, hizi atavaa mpaka fomu two." Nikaona kijana ana akili. Nikatoa 18,000, nikarudi Chamwino nimefurahi kama nimenunua kiwanja. Ncha za mbele nikajaza magazeti.

Wiki ya pili ya mazoezi akaletwa nyumbani kwa bodaboda, kifundo cha mguu kimevimba kama embe. Njumu ilibaki ardhini, mguu ukageukia ndani yake. Mashindanoni hakwenda. Wenzake walipoondoka alisimama dirishani anaangalia gari, hakulia, na mimi nikatamani angelia. Njumu nikaziweka juu ya kabati zisubiri mguu. Mguu ulipofika 40 gundi ilishakauka, soli imeachia. Hazikuchezewa hata mechi moja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kiatu cha michezo hakinunuliwi cha mwakani. Sare ya shule nunua kubwa, kunja pindo, sina ugomvi. Sweta nunua kubwa. Lakini kitu ambacho mtoto anakimbia nacho, anaruka nacho, anageuka nacho ghafla, kimtoshe leo.

Rafiki yangu niliyesoma naye uuguzi, sasa yuko Arusha, nilipomsimulia alicheka sana, halafu akanyamaza. Mume wake anacheza gofu siku za mapumziko, si mtu wa mashindano, anacheza tu kwa kupenda. Mtoto wao wa miaka tisa akataka fimbo. Baba akachukua fimbo yake ya zamani, akaikata kwa msumeno, akafunga mshikio upya. Ikawa fupi, kweli. Ila kile kichwa cha chuma kilibaki cha mtu mzima, na fimbo ikikatwa inapunguza kunesa, inakuwa ngumu. Mtoto akawa anaizungusha kwa mgongo mzima, baada ya mwezi analalamika kiuno na viwiko. Wakamtafutia fimbo tatu tu za saizi yake, zilizotumika, nyepesi. Sheria ya gofu inaruhusu fimbo 14 kwenye mfuko, hailazimishi ziwe 14. Mtoto anacheza mpaka leo. Mimi gofu siijui, sitawadanganya, lakini nilipomsikia nikaona njumu zangu.

Najua mtakachosema. "Nesi, wewe una mshahara." Jamani, mshahara wa nesi tunaujua wote. Na wala sisemi mnunue vipya dukani, mitumba ni sawa kabisa. Ninachosema ni mahali hela inapoanzia. Nimeona kwa macho yangu mtoto ana jezi mpya ya Simba, nyuma imeandikwa jina, miguuni kavaa yeboyebo iliyokatika. Bila jezi mtoto anacheza, fulana yoyote inatosha. Hela ya kwanza iende miguuni.

Namna ya kununua. Nenda na mtoto, na muende mchana au jioni, maana mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Avae soksi atakayochezea. Avae viatu vyote viwili asimame, maana miguu ya mtu hailingani, pimia ule mkubwa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi kama upana wa kidole gumba chako, isizidi hapo. Kisigino kisipande anapotembea. Mwambie akimbie hatua kumi palepale sokoni, muuzaji anune akitaka. Kama huwezi kwenda naye, msimamishe kwenye boksi, chora mguu, kata kijiti cha urefu wa mguu pamoja na ile nafasi ya gumba. Kijiti kikilala ndani ya kiatu bila kupinda na bila kucheza sana mbele na nyuma, umepata. Ukifika nyumbani osha, suuza, anika kivulini mpaka vikauke kabisa ndani, ndipo avae. Fangasi za mitumba naziona kila wiki.

Sasa meno. Hapa ndipo Chamwino tunapoumia zaidi ya watu wa sehemu nyingine. Njumu za mitumba nyingi zimetengenezewa viwanja vya wenzetu, majani mengi na udongo laini. Angalia kwenye ulimi wa kiatu au ubavuni, kuna herufi. SG ni za udongo laini uliolowa, zile za chuma ndefu kama nilizonunua mimi. FG ni za majani ya kawaida yaliyo imara. AG ni za nyasi bandia. TF chini zina vijino vifupi vingi vya mpira. Sisi mvua yetu ni moja tu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, halafu kiwanja kinakaa kama sakafu. UMITASHUMTA yenyewe huwa katikati ya mwaka, kiangazi. Jino la chuma haliingii kwenye ardhi hiyo! Mtoto anakuwa kama kasimama juu ya misumari sita. Kwa ardhi yetu tafuta TF, au raba ya kawaida yenye soli ya mpira iliyochongoka. Haina sifa mbele ya wenzake, najua. Kijana wangu alinuna siku mbili.

Kuna watoto wanaletwa wanalalamika kisigino, hasa kati ya miaka 8 na 14, mara nyingi msimu wa michezo. Mama anadhani ni uvivu au kachomwa na mwiba. Sehemu ya nyuma ya mfupa wa kisigino bado inakua, na ule mshipa mnene wa nyuma ya mguu unaivuta kila akikimbia. Ardhi ngumu na viatu vya meno vinazidisha. Hakuna sindano ya hiyo. Apumzike, arudi taratibu, kiatu kiwe na kitu laini chini ya kisigino. Akiwa na homa, au kisigino kimevimba na kuwa chekundu, au anaumia hata akiwa amelala, hilo ni jambo jingine, njooni.

Mama mkwe wangu aliposikia mjadala huu alisema, wazee walicheza pekupeku na hawakufa. Nikamwambia mama, ni kweli. Hata Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 pekupeku, na inasimuliwa kwamba ni kwa sababu viatu alivyopewa havikumkaa sawa. Aliona bora mguu mtupu kuliko kiatu kisicho chake! Tokyo mwaka 1964 alikimbia na viatu, akashinda tena. Kwa hiyo mtoto mdogo wa chandimu kwenye mchanga safi nyuma ya nyumba, mwache acheze pekupeku. Ila viwanja vyetu vina mbigili, miiba ya migunga na chupa. Kidonda cha mwiba kinaonekana kidogo, na pepopunda hupenda vidonda vya namba hiyo, virefu kwa ndani. Chanjo yake imo ndani ya penta, ile ya wiki ya 6, 10 na 14, lakini kinga hupungua miaka ikienda. Osha kwa maji mengi na sabuni, usipake majivu wala mafuta ya breki, mlete zahanati na kadi yake ya kliniki kama unayo bado.

Halafu jambo ambalo sisi akina mama tunajifanya hatulioni. Kaka akichaguliwa timu, nyumba nzima inatafuta njumu. Dada akichaguliwa netiboli, anaambiwa avae zile raba za kaka, au acheze na viatu vya shule. Netiboli ni kuruka na kusimama ghafla, ukishika mpira huruhusiwi kuendelea kukimbia nao. Magoti na vifundo vinabeba hiyo yote. Binti anahitaji raba inayomkaa na yenye soli isiyoteleza, na kama ameshaanza kukua kifua, sidiria inayobana vizuri. Wapo wanaoacha michezo kwa sababu hiyo tu na hawasemi. Mama muulize wewe, usisubiri mwalimu.

Kinga za ugoko kwa wanaocheza mpira wa miguu, zile zinazovaliwa chini ya soksi: sheria za mpira zinataka kila mchezaji avae, na mazoezini ndiko watoto wanakopigana mateke zaidi. Hereni, bangili, shanga, zitolewe kabla ya kucheza. Hayo nayapita haraka.

Mwisho, akiteguka. Msimkande na maji ya moto siku hiyo. Msimpeleke kuchuliwa. Najua ndiyo desturi yetu na bibi atakasirika, lakini moto na kuchua siku za mwanzo vinaongeza uvimbe. Kitambaa cha maji baridi dakika kama 15, kisha pumzisha, rudia baadaye. Mguu uinuliwe juu ya mto, ufungwe bendeji isiyobana sana, vidole visife ganzi. Halafu mwambie asimame atembee hatua nne, hata kwa kuchechemea. Akishindwa hizo nne, au ukibonyeza mfupa wa kifundo anaruka kwa maumivu, mleteni siku hiyohiyo apigwe picha, msisubiri asubuhi.

Na akipona asirudi kiwanjani kwa sababu mechi ni Jumamosi. Arudi akiweza kusimama kwa mguu ule mmoja na kurukaruka bila kuumia.

Sehemu ya 5 ni hedhi na michezo, Jumapili nikitoka zamu. Mwenye raba za TF namba 34 ambazo mtoto wake zimembana, kuna mama Buigiri anatafuta, ana namba 36 za kubadilishana. Niandikieni niwaunganishe.