HUKUMU YA KIFO KWA RUTA ISIYO NA KOSA

Umezuka mtindo katika miji yetu ambao hauna budi kulaaniwa bila kumung'unya maneno. Umeme unakatika usiku, unarudi kwa kishindo, taa zinang'aa kupita kiasi kisha zinafifia, na asubuhi mwenye nyumba anakuta ruta yake ya intaneti imezima kabisa. Bila kuuliza wala kupima, anaibeba hadi dukani. Muuzaji anaigeuza mara moja mkononi, anatikisa kichwa na kutamka kwamba imeungua. Hukumu imekwisha kutolewa! Mwalimu anakopa fedha, ananunua nyingine, na ile ya kwanza anamwachia muuzaji aitupe. Muuzaji haitupi.

Wapo watakaosema kwamba ruta ni pambo la wenye nacho, na kwamba haistahili kujadiliwa na watu wazima. Hao wamepitwa na wakati. Leo mtumishi wa umma hujaza kazi zake katika mfumo wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya fomu za OPRAS, na mwalimu hutafuta na kutuma mengi ya kazi yake kwa njia ya mtandao. Katika nyumba ya mtu wa namna hiyo ruta ni zana ya kazi kama jembe lilivyo kwa mkulima. Ni mkulima gani atupaye jembe kwa sababu mpini umevunjika?

Na mara nyingi kilichovunjika ni mpini tu. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Ruta haiwezi kuula umeme huo. Hutumia volti 12, na nyingine 9 au 5. Anayesimama katikati ni adapta, kile kijisanduku cheusi kinachochomekwa ukutani. Umeme unapopanda ghafla, adapta ndiyo inayopigwa kwanza, na mara nyingi hufa peke yake. Mlinzi wa mlangoni akiuawa, ni haki gani kumzika pamoja na waliokuwa wamelala chumbani?

Uchunguzi wenyewe hauhitaji shahada. Taa zote za ruta zikiwa zimezima, kwanza soketi ijaribiwe kwa kifaa kingine kinachojulikana kuwa kizima. Kisha yasomwe maandishi yaliyo mgongoni mwa adapta, na itafutwe nyingine ya kuazima: volti ziwe zile zile, ampea zisipungue zilizoandikwa, na mpangilio wa chanya na hasi kwenye kichomeko ulingane. Masharti haya si ya mzaha. Adapta ya volti 12 ikichomekwa kwenye ruta ya volti 5, marehemu wa kubuni anageuka kuwa marehemu wa kweli. Fundi mwenye kipimo cha volti humaliza jambo hili kwa dakika moja, na asiye nacho hastahili kuitwa fundi. Lakini mtu asiyejua asithubutu kuifungua adapta; ndani yake mna kapasita inayoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa.

Ruta ikiwaka lakini mtandao usipatikane, hapo pia wapo wanaokimbilia dukani. Pengine tundu moja la waya limeungua na mengine yangali mazima. Pengine mipangilio imevurugika, na kinachotakiwa ni kubonyeza kile kitufe kilichofichwa kwa ncha ya sindano kwa muda wa sekunde kumi hivi, kisha kuweka upya nywila na maelezo ya mtoa huduma. Na kwa wenye waya wa nuru, taa nyekundu ya LOS maana yake ni kwamba nuru haifiki kwenye kifaa. Waya umekatika au umepindwa mno mahali fulani. Umeme hauna hatia hapo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ni kweli kwamba zipo ruta zinazokufa kweli kweli. Radi hupita kwenye waya wa simu, wa antena au wa mtandao unaotoka nje, ikaikwepa adapta na kuingia moja kwa moja kwenye moyo wa kifaa. Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria, eneo lenye radi nyingi mno, wanalifahamu hili. Kwa hiyo ngurumo zikianza, kuchomoa waya wa umeme peke yake ni kazi nusu.

Sasa watazamwe walanguzi wa ekstensheni. Mtu anauziwa kipande cha plastiki chenye taa nyekundu na maneno ya kigeni yasemayo kwamba kinalinda vyombo. Vingi ndani havina hata ile chembe ndogo ya kumeza umeme uliozidi. Vilivyo nayo navyo huchakaa kwa kila pigo, na huhitaji waya wa ardhi ulio mzima ili vifanye kazi ipasavyo. Lakini ni nyumba ngapi ambazo waya huo umeishia ukutani, haufiki kwenye fito ya shaba iliyozikwa ardhini? Na katika nyumba hizo hizo, tundu la tatu la soketi huchokonolewa kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie!

Hata hivyo, lawama zote zisitupiwe mtumiaji. Kati ya waya mmoja wa umeme na nyutro zipo volti 230, lakini kati ya nyaya mbili za umeme zipo 400. Nyutro ikikatika au ikilegea nguzoni, nyumba moja hupata umeme hafifu na ya jirani hupata mwingi mno. Ndipo taa zinapong'aa kama mchana kabla vyombo havijaungua. Hilo si tendo la Mungu, na mwenye nyumba hakupanda nguzo. Aandike tarehe na saa, awaulize majirani taa zao zilikuwaje, ahifadhi vilivyoungua, apeleke malalamiko kwa msambazaji wa umeme na kudai namba ya kumbukumbu. Asiposikilizwa, ipo EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kupewa mamlaka ya kuamua malalamiko ya namna hii. Wanaoifikia milango hiyo ni wale waliopima kwanza na kuandika. Aliyekwisha kumwachia muuzaji ruta yake ataonyesha nini?